Fidla na Dumbak Ndani ya Kompyuta

Fidla na ngoma zimezoeana siku nyingi katika pwani yetu. Kwenye kidumbak cha Unguja, fidla moja hukabiliana na vidumbak viwili, vigoma vidogo vya udongo vilivyowambwa ngozi, na pembeni kuna sanduku la chai lililogeuzwa kuwa besi kwa kamba na fimbo, cherewa za kutikisa na mkwasa wa kugonganishwa. Mpiga fidla wa kidumbak hapewi nafasi ya kubembeleza. Anakata upinde mfupi mfupi, anazifukuza ngoma naye anafukuzwa nazo, mpaka wachezaji watoke jasho. Ukitoka hapo ukaingia kwenye taarab ya vikundi vikubwa, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, unakuta safu ya fidla, chelo na besi zimeketi pamoja na kanuni, udi, dumbak na rika. Kwa hiyo mtu wa pwani akiambiwa kwamba watunzi wa leo wanaziunganisha nyuzi za Ulaya na ngoma za dunia ndani ya kompyuta, muungano wenyewe haumshtui. Ninachotaka kukisifu hapa, tena kwa kirefu, ni jinsi kazi hiyo inavyofanywa na mtu mmoja aliyeketi kitini, hana upinde mkononi wala ngozi mbele yake, na bado ukisikiliza alichokitengeneza unaona watu watano chumbani.

Nianze na hizo nyuzi. Kwateti ya nyuzi ni fidla mbili, viola moja na chelo moja, basi. Joseph Haydn wa Austria aliuandikia muundo huo kazi zaidi ya 60 katika karne ya 18 na miaka ya mwanzo ya karne ya 19, na tangu hapo kila mtunzi wa Ulaya anayetaka kupimwa amepimwa kwa huo. Ndani yake hamna mpiga ngoma. Mapigo hutoka kwenye pinde zenyewe: chelo inatembea chini, viola na fidla ya pili zinatafuna mdundo katikati, fidla ya kwanza inaimba juu. Ukiwaletea watu hao dumbak au djembe, umewapokonya kazi moja waliyoizoea. Kama chelo itaendelea kutembea vilevile na viola itaendelea kutafuna vilevile, utapata zogo. Lazima nyuzi zitafutiwe kazi nyingine, na kuitafuta kazi hiyo ndiyo nusu ya utunzi.

Waliolionyesha hilo vizuri kuliko wote ni Kronos Quartet wa Marekani, kwenye albamu yao ya mwaka 1992 iitwayo Pieces of Africa. Waliwaomba watunzi wa Afrika waandike kwa ajili ya kwateti, na baadhi ya watunzi wakaja na ngoma zao wakaketi nao. Dumisani Maraire wa Zimbabwe alileta ngoma na hosho, vibuyu vya kutikisa. Obo Addy wa Ghana alileta midundo ya kwao. Hamza El Din, Mnubi wa kutoka mpakani mwa Misri na Sudan, alipiga tari katika Escalay, kazi inayohusu gurudumu la kuvutia maji ya Nile. Justinian Tamusuza wa Uganda aliingia na Ekitundu Ekisooka, ambamo fidla zinagawana mdundo kwa mpokezano ambao mtu wa Buganda anautambua mara moja, kila mmoja akijaza pengo aliloachiwa na mwenzake. Isikilize Escalay kwa makini: ngoma ni moja tu, inapigwa kwa vidole, na nyuzi zinaizunguka taratibu bila kuigusa. Hakuna anayemfunika mwenzake. Kila fundi wa kompyuta anayefanya muungano huu leo anafukuzia ule utulivu.

Sasa kompyuta. Anachokuwa nacho mtunzi mezani ni kinanda kidogo, vitelezi viwili vitatu vya kusukuma juu na chini, spika nzuri, programu ya kupangia muziki, na maktaba za sauti. Maktaba ya sauti ni rekodi za wapigaji halisi: mtu wa chelo aliketi studio akapiga noti moja kwa unyonge, akairudia kwa nguvu kidogo, akairudia kwa nguvu zaidi, kisha akahamia noti ya pili, na hivyo hivyo siku baada ya siku. Akapiga kwa upinde mrefu, kwa upinde unaoruka, kwa kudonoa waya kwa kidole, kwa kuugonga waya kwa mti wa upinde. Yote yalikatwakatwa vipande maelfu, yakapangwa. Mtunzi anapobonyeza kinanda, programu inamchagulia kipande kinachofaa. Hakuna sauti ya uongo humo. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha kipande na kipande kwa pumzi moja, na mtu huyo ndiye fundi ninayemzungumzia.

Shida yake kubwa ni wakati.

Ngoma ikipigwa, sauti yake hufika kileleni ndani ya milisekunde chache tu. Nyuzi hazina haraka hiyo. Upinde ukiugusa waya wa chelo, hasa ule mnene wa chini, waya hauitiki papo hapo. Huanza kwa mkwaruzo, ukajaa, ndipo noti ikasimama. Mpiga chelo halisi analijua hilo mkononi mwake. Anaanza upinde mapema kidogo, ili noti ikomae palepale ngoma inapolia. Kompyuta hailijui. Mbaya zaidi, maktaba bora za nyuzi, pale noti mbili zinapofuatana kwa upinde mmoja, hutumia rekodi ya mpito wenyewe, yaani ule muda ambao kidole kinahama kutoka noti moja kwenda nyingine. Mpito huo ndio unaofanya sauti iwe hai, lakini unakula muda: milisekunde 60, 100, 150, pengine hata 200, kutegemea maktaba.

Hebu tupige hesabu. Wimbo unaokwenda mapigo 120 kwa dakika, kila pigo lina milisekunde 500, na robo ya pigo ni milisekunde 125. Ukiiweka noti ya chelo sawasawa kwenye mstari wa pigo, nayo ikaja kusikika milisekunde 150 baadaye, imeshapitwa na robo nzima. Dumbak imeshapiga mkono unaofuata. Kwa macho, kwenye kioo cha kompyuta, kila kitu kimepangika vizuri, ila sikio linasikia mtu aliyechelewa arusini. Kwa hiyo fundi anairudisha noti nyuma, kabla ya pigo lake. Na harudishi zote kwa kipimo kimoja: noti ya kuteleza polepole inarudi mbali, ya mpito wa haraka inarudi kidogo, na noti fupi ya upinde unaoruka karibu haisogei kabisa. Katika dakika tatu za muziki kuna noti mamia kwa mamia, na fundi makini anazipitia moja moja, amefumba macho, anasikiliza chelo dhidi ya ngozi.

Ngoja nikuonyeshe kipimo kimoja tu cha muziki. Chukua mdundo wa maksumu, ambao kila mpiga dumbak kuanzia Cairo anaujua. Dum ni mlio mzito wa katikati ya ngozi, tak ni mlio mkali wa ukingoni. Gawa kipimo nafasi nane: dum, tak, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya. Fundi asiye na subira ataibandika mikono hiyo mitano kwenye mistari, kisha ataweka kwateti juu yake inayopiga nafasi zote nane. Fundi ninayemsifu anaanza na vile vimya vitatu. Anaipa viola ile nafasi ya tatu na ile ya sita, noti moja moja ya kudonoa, kavu, ili isikike kama mkono mwingine wa mpiga ngoma. Chelo anainyamazisha kwenye dum ya kwanza, anaileta kwenye dum ya pili kwa upinde mrefu, ameivuta nyuma ile milisekunde 150 ili ifunguke pamoja na ngozi. Fidla ya kwanza inaingia katika kimya cha mwisho, nafasi ya nane, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema, na lahani yake inaanguka kwenye kipimo kinachofuata. Fidla ya pili haifanyi lolote. Inangoja kwa vipimo vinane vizima. Hapo tayari pana muziki, na bado hajazigusa ngoma zenyewe.

Anapozigusa, anaanza kwa kuzitoa kwenye mistari. Mpiga dumbak hai hapigi kama saa ya ukutani. Tak yake ya nafasi ya nne huweza kutangulia kidogo na dum yake ya pili ikakaa nyuma kidogo, na huko kutangulia na kubaki ndiko kunakowainua watu vitini. Katika djembe za Mali jambo hili limekwenda mbali zaidi: mapigo madogo ndani ya pigo moja hayana urefu sawa, na hali hiyo ndiyo sheria ya mdundo wenyewe. Programu nyingi zina kitufe cha kunyoosha kila kitu kikae kwenye mstari. Kitufe hicho kimeua midundo mingi mizuri.

Kisha nguvu ya mkono. Tangu mfumo wa MIDI, lugha ambayo kinanda na kompyuta huongea, ulipotoka mwaka 1983, nguvu ya kila noti hupimwa kwa namba, kuanzia 0 hadi 127. Dum ya kwanza fundi anaipa 104, ya pili 91, tak ya nne 97, na katika vile vimya anatia vipigo vidogo vya kidole, vya 30 au 35, ambavyo msikilizaji havisikii lakini vikiondolewa ataona kuna kitu kimepungua. Nguvu ikiongezeka haiongezi sauti tu. Ngozi iliyopigwa kwa nguvu ina rangi nyingine, ndiyo maana maktaba nzuri zimerekodi mkono uleule kwa nguvu tano, sita au zaidi. Pia zimerekodi kila mkono mara kadhaa kwa nguvu ileile, kwa sababu mtu hawezi kupiga ngozi mara mbili sauti ikafanana kabisa. Kompyuta inayorudia rekodi moja tu hutoa mlio wa cherehani, na sikio huugundua kabla akili haijajua kwa nini.

Nyuzi nazo zina namba zao, ila hazikai mahali pamoja. Noti ndefu ya chelo isiyobadilika ni noti mfu. Kwa hiyo mkono wa kulia ukiwa kinandani, mkono wa kushoto uko kwenye vile vitelezi. Kitelezi kimoja kinabadilisha jinsi upinde unavyoukandamiza waya: kinapopanda, programu inatoka kwenye rekodi za unyonge kwenda kwenye rekodi za nguvu, na rangi ya sauti inabadilika. Kitelezi cha pili kinapandisha na kushusha ukubwa wa sauti tu, rangi ikabaki ileile. Kuvisukuma viwili hivi pamoja kwa vidole viwili, kimoja kikipanda huku kingine kikichelewa, ndiko kupiga chelo kwenye kompyuta. Nimewaona vijana wakiichora mistari hiyo kwa kipanya, ikawa imenyooka na safi, na sauti ikawa baridi. Mistari iliyopigwa kwa vidole ina matuta na mitikisiko, na sauti yake ina joto. Mimi naamini kabisa kwamba ufundi huu haukwepi mkono, hata ukifanyika mbele ya kioo.

Kwateti ni ngumu kuliko okestra nzima, jambo ambalo walio nje hulidhania kinyume. Ukiwa na safu ya fidla 16, dosari ya mpito mmoja hufunikwa na wengine. Fidla moja haina pa kujificha, kila mkwaruzo uko uchi. Ndiyo maana mafundi wengi, kazi ikikaribia kukamilika, humwita mpiga fidla mmoja halisi aje arekodi ile sauti ya juu, akawekwa mbele ya wale watatu wa kompyuta. Sauti yake moja inawavuta wenzake wote waonekane hai. Wengine huona huko ni kudanganya. Mimi naona ni uungwana: mtu amepewa ajira, na muziki umepata pumzi.

Kuna suala la kulandanisha sauti, ambalo kwetu ni zito kuliko huko Ulaya. Ukitaka lahani ya Rast, moja ya maqam (ngazi za sauti) za Kiarabu, ambayo taarab inaijua vizuri, utahitaji noti inayokaa katikati ya nusu toni mbili, na kinanda hakina kibao hicho. Fundi anatumia gurudumu la kupindia sauti. Gurudumu hilo lina hatua 16,384, katikati yake ikiwa 8,192. Likipangwa lipinde toni moja nzima kila upande, robo toni inapatikana kwa kushuka hatua 2,048. Hesabu hiyo ni ya kuanzia tu. Mpiga fidla wa Unguja haiweki noti hiyo mahali pamoja kila mara. Akipanda kwenda juu anaivuta kidogo, akishuka anaiachia. Fundi anayeiheshimu Rast atasikiliza rekodi za wazee, kisha ataipinda kila noti kivyake. Na ngoma pia ina sauti yake. Mpigaji huianika ngozi juani au huipasha moto mpaka ikaze. Kwenye kompyuta anayepasha ni mtunzi, anapandisha rekodi ya dum kidogo kidogo mpaka isigombane na waya wa chini wa chelo.

Hapo chini ndipo ugomvi ulipo siku zote. Waya wa chini kabisa wa chelo hutetema mara 65 hivi kwa sekunde, na besi ya djembe kubwa huangukia jirani na hapo. Wakikutana wote wawili, msikilizaji hasikii chelo wala ngoma, anasikia mtutumo. Watu wengi hukimbilia kukata masafa kwa programu. Fundi bora anabadilisha utunzi: anaipandisha chelo oktavu moja, anaiachia ngoma sakafu, na chelo ikifika juu inaanza kuimba kwa sauti ile ya kifua inayofanana na sauti ya mwanamume. Tatizo la kuchanganya sauti limezaa lahani nzuri. Mambo kama haya ndiyo yaliyonifanya niipende kazi hii.

Chumba nacho kina maneno yake. Baadhi ya maktaba za nyuzi za kampuni ya Spitfire Audio zilirekodiwa katika Lyndhurst Hall ya London, jengo lililokuwa kanisa, na mwangwi wa dari lake umo ndani ya kila noti. Watengenezaji wengine wa maktaba, Vienna Symphonic Library, walijenga mahali pakavu makusudi, ili mtunzi autie mwangwi wake mwenyewe. Rekodi nyingi za ngoma zimefanywa katika vyumba vidogo, maikrofoni ikiwa karibu na ngozi. Ukizichanganya bila kufikiri, utasikia kwateti iliyoko kanisani na dumbak iliyoko masikioni mwako. Fundi anaisogeza ngoma nyuma. Sauti husafiri mita moja kwa milisekunde tatu hivi, kwa hiyo kumketisha mpiga dumbak mita mbili nyuma ya chelo ni kumchelewesha milisekunde sita na kumtia mwangwi wa ukumbi uleule. Sita tu. Ukiziondoa, chumba kinavunjika vipande viwili.

Niseme na lile nisilolipenda, maana kusifu bila kuchagua si kusifu. Maktaba zikishakuwa mkononi, kishawishi ni kufungua kila droo: taiko za Japani chini, tabla za India katikati, djembe juu, udu za Waigbo pembeni, zote katika dakika moja, na kwateti inazama. Filamu nyingi zimetufundisha hivyo. Kila moja ya ngoma hizo ina lugha yake, ina wazee wake na namna yake ya kuanza na kumaliza. Mpiga tabla hujifunza mdomoni silabi za kila mkono kabla ya kuruhusiwa kukimbia. Kuzikusanya zote kwa sababu zilikuja katika kifurushi kimoja ni kuzinyamazisha zote. Ngoma moja iliyoeleweka inatosha kwateti nzima, kama Hamza El Din na tari yake.

Ndiyo maana nina ombi kwa wenye studio wa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa. Katika maktaba kubwa ninazozijua, djembe na darbuka hazikosekani. Vidumbak, msondo, vumi na chapuo sijavikuta vikiwa vimerekodiwa kwa uangalifu huohuo. Kijana wa Temeke anayetaka kuandikia kwateti na ngoma ya kwao analazimika kuazima ngoma ya Mali au ya Misri, akaipindapinda mpaka ifanane na ya nyumbani. Kazi ya kuliondoa tatizo hili inapimika. Kidumbak kimoja, mikono mitatu ya msingi, nguvu sita kwa kila mkono, marudio manane kwa kila nguvu: rekodi 144. Ni kazi ya siku chache kwa mpigaji mmoja, maikrofoni mbili na chumba kimya. Wapigaji wapo, walimu wapo Dhow Countries Music Academy huko Unguja na chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo. Waiteni, walipeni vizuri, andikeni majina yao kwenye kila nakala itakayouzwa, na mwanzie na vile vidumbak viwili.